Maswali ya Wasomaji: Serikali Inapoiomba Benki Kumbukumbu za Mteja

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya mbili tu, suala la mabenki kutoa kumbukumbu za wateja kwa vyombo vya serikali, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nimechagua sita. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika kitengo cha kumbukumbu cha benki, na niliyoyaona huko ndiyo yanayonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo msomaji aliye na kesi mkononi amwone wakili wa nchi yake. Ninayoyaeleza hapa ni misingi inayokubalika mahali pengi, pamoja na mifano ya mashauri ambayo misingi hiyo ilijaribiwa.

Swali: Mimi ni ofisa katika tawi la benki. Mwezi uliopita alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa mpelelezi, akatoa kitambulisho na barua ya nusu ukurasa yenye nembo ya serikali, akaomba taarifa ya akaunti ya mteja wetu mmoja "tangu alipoifungua". Meneja wangu aliniagiza nimchapishie aondoke nayo, kwa kuwa serikali ni serikali. Nilifanya hivyo, lakini tangu siku hiyo sina raha. Je, tulikosea?

Kwa jinsi ulivyoeleza, ndiyo, mlikosea, na silisemi hilo kwa kukulaumu wewe peke yako, maana aliyekuagiza ana dhamana kubwa kuliko yako. Kitambulisho kinaonyesha mtu ni nani; hakionyeshi kwamba amepewa mamlaka ya kusoma akaunti ya mtu fulani. Na barua yenye nembo, isipotaja sheria inayoilazimisha benki, hubaki kuwa ombi. Ombi hujibiwa kwa heshima, na jibu la heshima laweza kuwa hili: "Tumeipokea barua yako, tutaifanyia kazi mara itakapokuja amri." Amri ni hati ambayo benki ikiikaidi inavunja sheria: amri ya mahakama, hati ya upekuzi, hati ya wito, au dai la maandishi la chombo ambacho sheria imekitaja kwa jina na kukipa uwezo huo.

Wajibu huu wa benki kutunza siri ya mteja haukuanza jana. Katika shauri la Tournier, ambalo wanasheria hulitaja kwa mwaka 1924, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimsikiliza mteja aliyekuwa na deni dogo benki. Meneja wa benki alikuwa amempigia simu mwajiri wake, na katika mazungumzo akadokeza kwamba fedha za mteja huyo zilikuwa zikielekea kwenye kamari. Mkataba wake wa kazi ukaisha, haukuongezwa. Majaji walisema kwamba usiri ni sehemu ya mkataba kati ya benki na mteja hata kama haukuandikwa popote, wakataja hali nne zinazoweza kuuondoa: sheria inapolazimisha, wajibu kwa umma unapodai, maslahi ya benki yenyewe yanapohitaji, kama vile inapomshtaki mteja ili ilipwe mkopo wake, na mteja mwenyewe anaporidhia. Hofu ya kumkasirisha ofisa haimo kati ya hizo nne, wala kufahamiana naye hakumo.

Kilichotakiwa kufanyika ni kazi ya kawaida isiyohitaji ushujaa. Anayepokea barua dirishani aipokee, aandike saa na tarehe, ampe mleta barua uthibitisho wa kupokelewa, kisha aipeleke kwa kitengo cha sheria bila kufungua akaunti kwenye kompyuta. Kitengo hicho ndicho kitakachosoma nani ametoa hati, kwa kifungu kipi, dhidi ya akaunti ipi, ya kipindi kipi, na kama muda wa hati haujapita. Kitapiga simu kwenye ofisi iliyotajwa kuthibitisha, kwa kutumia namba ambayo benki inayo kwenye kumbukumbu zake, kamwe si namba iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, kwa sababu matapeli nao wanajua kutengeneza nembo.

Naomba nieleze kwa nini nalishikilia hili hata pale hati inapokuwa halali. Siku moja ililetwa amri ya mahakama isiyo na kasoro kwa kuitazama, yenye mhuri na saini, ikitaka kumbukumbu za mfanyabiashara mmoja. Aliyeichapa alikuwa amepindua tarakimu mbili za mwisho za namba ya akaunti, na namba iliyotokea ilikuwa ya mteja mwingine, mama mstaafu ambaye jina lake la ukoo lilifanana na la mtuhumiwa. Mwenzangu aliingiza namba kama ilivyo, akachapisha kurasa zaidi ya arobaini, akazipanga tayari kwa bahasha. Aliyeokoa jambo ni karani kijana aliyekuwa akigonga mhuri wa "nakala sahihi" ukurasa baada ya ukurasa, akaona kwamba jina la kwanza si lile la kwenye amri. Nilizishika kurasa zile kabla hazijaharibiwa. Kulikuwa na malipo ya hospitali kila mwezi, kwa kitengo ambacho jina lake pekee lilitosha kuutaja ugonjwa. Kulikuwa na sadaka kwa nyumba ya ibada, na fedha kidogo alizomtumia kila mwisho wa mwezi mtu asiye wa ukoo wake. Dakika kumi za kupekua zilinijulisha mambo ambayo huenda watoto wa mama yule hawakuyajua. Tangu siku hiyo sijaweza kuiita taarifa ya akaunti "karatasi tu".

Kutokana na hilo linafuata suala la kiasi. Ombi lenu lilisema "tangu alipoifungua". Hati halali ikitaja Januari hadi Juni, benki isitoe Julai. Ikitaja taarifa ya akaunti, benki isiambatishe fomu ya kufungulia akaunti, nakala ya kitambulisho na barua za maombi ya mkopo kwa sababu tu zimo katika jalada moja. Mara nyingi anayeandika dai huandika "kumbukumbu zote" kwa kuwa hajui benki inahifadhi nini. Simu moja ya kistaarabu kutoka kitengo cha sheria humsaidia kutaja anachokitafuta, naye hushukuru, kwa sababu hataki kusoma makaratasi elfu moja ili apate matatu. Dai likibaki pana kupita kiasi, benki ina haki ya kwenda mahakamani kuomba lipunguzwe, na benki iliyofanya hivyo haijaidharau serikali.

Kwa hili lililokwisha kutendeka, andika maelezo leo hii: siku, saa, jina la aliyekuja, nakala ya barua, kurasa ulizotoa na agizo ulilopewa. Yapeleke kwa kitengo cha sheria kwa maandishi, ubaki na nakala. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini benki inayojua ni nini hasa kilichotoka inaweza kudai hati sahihi iletwe, inaweza kumweleza mteja, na inaweza kujieleza mbele ya mdhibiti wake. Benki isiyojua haiwezi lolote kati ya hayo.

Swali: Niligundua, katikati ya shauri lingine kabisa, kwamba benki yangu ilikuwa imetoa kumbukumbu zangu za miaka miwili kwa chombo cha serikali bila kuniambia. Nilipouliza nilijibiwa kuwa kumbukumbu ni mali ya benki, si zangu. Je, ni kweli?

Jibu ulilopewa lina historia, na ni vizuri uijue ili usibabaishwe nalo. Mwaka 1976 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua shauri la mtu aitwaye Miller, aliyeshtakiwa kutengeneza pombe kali bila kulipa kodi. Benki zake mbili zilikuwa zimewafungulia maofisa wa serikali kumbukumbu zake kwa hati za wito ambazo mahakama ya rufani iliziona kuwa na kasoro, na hakuna benki iliyomweleza. Majaji walio wengi walisema kwamba kumbukumbu hizo ni za biashara ya benki, wala si karatasi zake za faragha, na kwamba mtu anayeikabidhi benki habari zake amekubali hatari ya habari hizo kufika serikalini. Majaji wawili walipinga.

Mimi naona waliopinga ndio waliokuwa na haki. Ni kweli kwamba karatasi na kompyuta ni vya benki, lakini maisha yaliyoandikwa humo ni ya mteja, na siku hizi mtu hawezi kupokea mshahara wala kulipa ada bila kupitia benki, hata tuseme kwamba alijiweka hatarini kwa hiari yake. Bunge la Marekani nalo halikuridhika. Mwaka 1978 lilitunga sheria ya haki ya faragha ya fedha, ambayo inaitaka serikali kuu, isipokuwa katika hali zilizotajwa, impe mteja taarifa kabla ya kupata kumbukumbu zake kwa hati ya wito, pamoja na maelezo ya namna ya kupinga. Mteja hupewa siku 10 tangu alipokabidhiwa taarifa hiyo mkononi, au 14 tangu ilipotumwa kwa posta. Benki yenyewe imekatazwa kutoa chochote mpaka chombo husika kiithibitishie kwa maandishi kwamba kimefuata sheria. Sheria hiyo ina mipaka yake: inawalinda watu binafsi na ubia wa watu wasiozidi watano, na haizihusu serikali za majimbo. Lakini mpangilio wake ni mzuri, kwa kuwa unampa nafasi ya kusema yule mtu pekee mwenye sababu ya kupinga.

Hapo ndipo ninapolaumu mabenki mengi. Benki haina uchungu na siri yako kama ulio nao wewe, hata ikiwa na nia njema. Haijui kwamba malipo fulani yalikuwa ya wakili wako, au kwamba tarehe zinazotajwa hazihusiani na shauri. Kwa hiyo, pasipokuwa na katazo la kisheria, benki imjulishe mteja mapema, na nakala ya dai aipate. Palipo na katazo, benki iandike katika rejista tarehe ambayo katazo hilo linakoma, na siku hiyo ikifika imwandikie. Katika sheria niliyoitaja mahakama inaweza kuahirisha taarifa kwa siku 90 na kuongeza tena ikiridhika na sababu. Ucheleweshaji wenye mwisho unavumilika. Linaloumiza ni ukimya usio na tarehe, ambao mara nyingi hautokani na amri yoyote bali na mtu kusahau.

Kwa sasa, iandikie benki barua ukiomba kuelezwa ni hati gani iliyotumika, ilitolewa na nani, lini, na ni kurasa zipi zilizotolewa. Katika nchi zenye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi una haki ya kupewa maelezo kama hayo, isipokuwa pale upelelezi ungeharibika. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa mdhibiti wa mabenki au kwa tume ya ulinzi wa taarifa.

Swali: Fomu ya kufungulia akaunti niliyopewa ina sentensi isemayo kwamba ninaridhia benki itoe habari zangu "kwa mamlaka yoyote itakayozihitaji". Nikiisaini nimejifunga?

Katika nchi nyingi sentensi hiyo itapewa uzito fulani, ndiyo maana naichukia. Ridhaa inayotolewa kabla hakujatokea dai lolote, kwa mamlaka isiyotajwa, kwa muda usio na mwisho, na kwa mtu ambaye asiposaini hapati akaunti, haistahili kuitwa ridhaa. Sheria ile ya Marekani ya 1978 ililiona hili waziwazi: ridhaa ya mteja itaje kumbukumbu zipi, kwa nani, kwa sababu gani; isizidi miezi mitatu; aweze kuifuta kabla kumbukumbu hazijatoka; na benki isiifanye kuwa sharti la kumhudumia. Muulize ofisa kama unaweza kuifuta sentensi hiyo kwa kalamu na kuweka saini ndogo pembeni. Wengine hukubali. Na benki inayosoma safu hii iiondoe, kwani pale ambapo sheria inalazimisha, benki haiihitaji sentensi hiyo.

Swali: Nimo katika mafunzo ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Tumefundishwa kwamba kumdokeza mteja ni kosa la jinai. Wewe unasema mteja ajulishwe. Nimfuate nani?

Mfuate mwalimu wako, lakini ujue anazungumzia nini. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni taarifa ya muamala unaotiliwa shaka, ambayo benki yenyewe huiandika na kuipeleka kwenye kitengo cha taifa cha intelijensia ya fedha bila kusubiri kuulizwa. Kikosi Kazi cha Kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kilichoundwa mwaka 1989, kina mapendekezo 40, na la 21 kati yake linataka sheria iwakataze wafanyakazi wa benki kumfahamisha mteja kwamba taarifa kama hiyo imepelekwa. Usimdokeze kwa neno, kwa ishara, wala kwa kumchelewesha kwa namna itakayomwamsha. Hilo halina mjadala.

La pili ni dai linalotoka nje: hati ya wito, amri, hati ya upekuzi. Hapo katazo halijizalishi lenyewe. Lazima liwe limeandikwa kwenye hati, au liwemo katika sheria inayotajwa na hati. Kosa ninaloliona ni mabenki kulichukua katazo la jambo la kwanza na kulitandaza juu ya la pili, ili yasipate usumbufu wa kumwandikia mteja. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mteja mmoja, kitengo cha sheria ndicho cha kuamua, na katazo ndilo lenye nguvu mpaka liondolewe.

Kuna jingine linalofanana na hilo. Nchini Marekani mamlaka ya upelelezi wa fedha huweza kuyatumia mabenki orodha ya majina ya watu wanaoshukiwa kwa ugaidi au utakatishaji wa fedha, nayo hupewa siku 14 kutafuta kama wana akaunti za watu hao. Benki ikiona jina hujibu kwamba limepatikana, basi. Nyaraka zenyewe hudaiwa baadaye kwa hati yake. Utaratibu huo unafaa kuigwa hata kusiko na sheria hiyo, maana kujibu kwamba akaunti ipo ni hatua moja, na kukabidhi jalada ni hatua nyingine inayohitaji mlango wake.

Swali: Benki ninayoifanyia kazi kama mwanasheria ina matawi katika nchi kadhaa. Serikali ya nchi moja inadai kumbukumbu zilizohifadhiwa katika nchi nyingine, na inatishia kututoza faini. Tukitoa tunavunja sheria ya huku, tusipotoa tunavunja ya kule.

Hali yako ni ngumu kweli, na mifano mikubwa inaonyesha kwamba benki haiponi kwa kuchagua upande kimyakimya. Uswisi ina sheria tangu mwaka 1934 inayofanya kutoa siri ya mteja kuwa kosa la jinai. Mwaka 2009 UBS, benki ya Uswisi, ilikubali kuilipa Marekani dola milioni 780 kwa kuwasaidia wateja wa Marekani kuficha mali ili wakwepe kodi, na sehemu ya majina ya wateja ikakabidhiwa. Dai la awali la Marekani lilikuwa kubwa zaidi, kiasi cha akaunti 52,000. Mwezi Agosti mwaka huo serikali mbili zilikubaliana kwamba habari za akaunti zipatazo 4,450 zishughulikiwe kwa njia ya mkataba wa kodi kati yao, kupitia mamlaka ya Uswisi. Sina huruma na ukwepaji wa kodi, lakini tazama jinsi akaunti 52,000 zilivyokuwa 4,450 mara dai lilipopitishwa kwenye mlango wenye vigezo.

Mfano wa pili ni wa SWIFT, ushirika wenye makao Ubelgiji unaobeba ujumbe wa malipo kati ya mabenki ya dunia. Mwaka 2006 magazeti yalifichua kwamba Wizara ya Fedha ya Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ilikuwa ikipata humo kumbukumbu nyingi kwa hati za wito. Mamlaka ya faragha ya Ubelgiji iliona kwamba sheria za Ulaya zilikuwa zimekiukwa. Mkataba wa mwaka 2010 kati ya Umoja wa Ulaya na Marekani uliweka kwamba kila dai likaguliwe kwanza na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, kuona kama limepunguzwa kadiri inavyowezekana. Na kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa, inayotumika tangu 2018, inasema katika kifungu chake cha 48 kwamba amri ya nchi ya nje itakayotambuliwa ni ile iliyotegemea makubaliano ya kimataifa.

Kwa hiyo, liandikie dai jibu la haraka, lieleze sheria inayokufunga kwa kuitaja kifungu kwa kifungu, na uonyeshe njia iliyo wazi: mkataba wa kusaidiana katika mashauri ya jinai, mkataba wa kodi, au kitengo cha intelijensia ya fedha cha nchi moja kuwasiliana na cha nchi nyingine. Hifadhi kumbukumbu zisifutwe wakati mnasubiri. Kuhifadhi si kutoa, na kunaonyesha nia njema. Wajulisheni pia wadhibiti wa nchi zote mbili. Mahakama nyingi humtazama kwa jicho la upole aliyezuiwa na sheria akaeleza mapema, kuliko aliyenyamaza mpaka faini ikafika.

Swali: Usiku mmoja tulipigiwa simu na mtu aliyesema ni polisi, kwamba kuna mtoto ametekwa na mtekaji anatoa fedha kwa kadi ya benki yetu. Alitaka kujua kadi imetumika wapi. Tungesubiri amri ya mahakama?

Hapana, uhai wa mtu unatangulia, na sheria nyingi zinalijua hilo. Sheria ya Marekani ya 1978 inaruhusu kumbukumbu zitolewe bila taarifa kwa mteja pale ambapo kuchelewa kungeleta hatari ya karibu ya mtu kuumia, ila chombo kinachoomba kiipe benki hati ya kuthibitisha, kisha ndani ya siku 5 kipeleke mahakamani kiapo cha kueleza sababu. Kanuni ya Ulaya nayo inataja kulinda uhai kama msingi halali wa kutumia taarifa za mtu.

Lakini hata usiku huo kuna dakika mbili za kufanya kazi vizuri. Mwombe jina, cheo na kituo chake, kata simu, kisha wewe upige kituo hicho kwa namba uliyo nayo, uulize kama yupo na kama tukio lipo. Mwamshe ofisa wa zamu wa kitengo cha sheria. Toa jibu la swali lililoulizwa tu: mashine ipi, saa ngapi, usitoe salio, wala miamala ya mwezi uliopita. Andika ulichosema, neno kwa neno, na uombe barua ya uthibitisho ifike kabla ya mwisho wa siku inayofuata. Isipofika, piga simu tena kituoni asubuhi hiyo, na umpelekee mkuu wako maandishi yako yakiwa na saa za simu zote mbili.